Mwenye Baiskeli Niliyemvuta Mlimani

Haya yalinipata mimi mwenyewe, barabarani, jua likiwa bado halijazama. Sikuwa nimelala, na pombe sijaionja maisha yangu yote. Nimekuwa katekista tangu ujana, nikifundisha watoto kwamba uongo ni dhambi. Nianze leo, uzeeni, kudanganya kwa faida gani?

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, bidhaa za nje zikajaa madukani, na sisi watu wa kawaida tukaanza kupata pikipiki za mtumba. Yangu ilikuwa ya cc hamsini, bei rahisi. Majirani zangu pale Namanyere waliiita cherehani kwa jinsi ilivyolia. Wacha wacheke. Binti yangu ameolewa Kasanga, ziwani, na kwa cherehani hiyo nilikwenda kumwona mjukuu bila kungoja lori la mtu. Nililala Sumbawanga, kesho yake nikashuka mpaka ziwani, makalio yamekufa ganzi, moyo umejaa shukrani.

Kisa chenyewe ni cha kurudi.

Ukitoka Kasanga barabara inapanda, tena inapanda kweli. Ilikuwa kipupwe. Kadiri nilivyokwenda juu, ukungu ulizidi na baridi ikaingia kwenye mifupa. Katikati ya mlima nikamkuta mwanamume anasukuma baiskeli, matenga mawili ya migebuka mikavu kwenye keria. Enzi zile wachuuzi wa samaki walipanda hivyo kutoka ziwani, na wenye magari waliwavuta kwa kamba. Walikuwa na lugha yao ya kengele: mlio mmoja, simama, miwili, twende.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mlima."

"Baba, nivute. Mke wangu kajifungua, anangoja mchuzi. Maziwa hayatoki vizuri." Akaitazama pikipiki, akacheka. "Ila haka kadudu kataniweza kweli?"

"Kakishindwa, utakavuta wewe na mimi juu yake."

Tukacheka wote wawili. Nikafungua mpira wangu wa kufungia mizigo, ule wa kuchana kwenye tyubu. Ncha moja nikaifunga kwenye keria yangu, nyingine akaifunga kwenye usukani wake. Kengele ikalia mara mbili, tukaondoka kwa gia namba moja.

Niamini, mpira ulikaza. Nilikuwa navuta kitu kizito, pikipiki inakoroma. Sikuweza kugeuka, maana kwenye mawe yale ukigeuka tu uko bondeni. Nilimsikia mwenzangu kwa kengele yake.

Tulipofika kwenye kona moja kali, kengele ikalia mara moja. Nikasimama. Papo hapo injini ikazima. Nikapiga kiki mpaka goti likauma. Kimya.

"Hapa ndipo ninaposhindwaga kila siku," akasema.

"Kila siku unabeba mzigo huu?"

"Kila siku, baba. Na wanaonivuta, wengi hunifungua hapa hapa."

Nikamtazama. Pumzi yangu ilikuwa inatoka kama moshi kwa ile baridi. Yeye alikuwa anaongea, na mdomoni mwake hamkutoka kitu.

Wewe ungefanyaje? Fundo la mpira lilikuwa karibu na mkono wangu. Kulivuta tu, nikaserereka zangu mpaka chini. Alijua ninachokiwaza, maana aliinamisha kichwa kama mtu aliyezoea. Lakini hakuomba dhahabu mtu yule, wala damu. Aliomba afike kwa mke wake.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Deo."

"Basi, Deo, tusali kwanza. Injini ipoe."

Nikageukia mbele, nikaanza Salamu Maria. Nilipomaliza nusu ya kwanza, nyuma yangu nikasikia nusu ya pili ikiitikiwa, polepole, sawasawa kama kanisani. Tukaenda hivyo fungu zima la rozari. Kisha nikapiga kiki, cherehani ikawaka. Kengele, mara mbili. Mpira ukakaza.

Tulipofika kileleni kengele ikaanza kulia mfululizo, kwa furaha, kama mtoto aliyepewa baiskeli. Mwanamke mmoja akatoka mbio kwenye nyumba ya kwanza.

"Nani kapiga kengele hiyo?"

"Huyu ninayemvuta, mama."

Nikageuka. Mpira ulikuwa umelala chini, fundo la ncha yake halijafunguliwa, na ndani ya fundo hamna kitu.

Akaniuliza taratibu, "Ana matenga mawili?"

"Mawili. Anasema mkewe kajifungua."

Akakaa chini palepale kwenye vumbi. "Mtoto huyo alishaanza shule, baba."

Ndipo akanieleza. Deo alikuwa mume wake. Alikuwa na kawaida ya kupiga kengele vile akifika kileleni, ili yeye abandike maji. Siku ile alibandika maji yakachemka mpaka yakakauka. Walimkuta kwenye ile kona kali, amelala kando ya mzigo wake, moyo umesimama. Na tangu hapo, kila jioni, mama huyu alisikia kutoka chini mlimani mlio mmoja tu wa kengele. Majirani walimwambia ni upepo.

"Sasa amefika?" akaniuliza.

"Amefika, mama. Nimemleta mwenyewe."

Akanyanyuka, akaingia jikoni, akabandika maji.

Paroko wetu nilimsimulia yote. Hakunicheka wala hakunikemea. Alisema tumwombee, na kila Novemba jina la Deo nalitaja kwenye misa ya marehemu. Yule mama hakuusikia tena ule mlio mmoja. Goti langu halijapona kwa zile kiki, na linaponiuma namshukuru Mungu. Mpira ninao hadi leo. Ukiunusa siku za baridi, unanuka migebuka.

Nanyi vijana mnaopita mlima ule na pikipiki zenu zenye nguvu, nawaonya. Mkikuta mtu anasukuma mzigo, msipoteze muda kumchunguza pumzi yake. Mfungeni mpira mumvute. Ila ukishamfunga, usije ukamfungua kwenye kona. Huko juu kuna mtu anasikiliza kengele.