Kazi ya Kutazama Watu

Nilipostaafu ualimu nilipata kazi ambayo hata leo nikiieleza watu hucheka. Nililipwa posho kutazama watu wakitazama vitu.

Ilikuwa miaka ile baada ya foleni. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, na kila mwenye chumba cha mbele mjini Tanga alikuwa akikitafutia mpangaji, maana mitumba ilikuwa imeruhusiwa na wauzaji wake walilipa kodi bila kubembelezwa. Viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Mashamba ya mkonge yalikuwa yameanza kuota majani. Mimi nilikuwa nikishinda barazani kwangu Mabawa nikisomesha Kurani watoto wachache wa chuoni, na riziki ilikuja, alhamdulillahi, ingawa ilikuja kwa mguu.

Ndipo akaja binti mmoja kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Alikuwa akitafiti jinsi watu wanavyojifunza sayansi nje ya darasa, pasipo mwalimu wala mtihani. Alikuwa ameazimwa chumba Ngamiani, kwenye nyumba ya mzee mmoja niliyekuwa nikisali naye. Humo alipanga sumaku za kila namna, hadubini moja, samaki na nyoka wa baharini ndani ya chupa, na kiwiliwili cha mwanamke, cha plastiki, kuanzia shingo mpaka mapajani. Kilikuwa wazi mbele, na viungo vya ndani vilitoka kimoja kimoja hadi kizazi chenye mtoto aliyejikunja. Nilikikagua kwanza. Hakikuwa na kichwa, kwa hiyo si sanamu kamili ya mtu, basi sikuona ubaya wa kukaa nacho chumba kimoja.

Magari ya Pangani yalikuwa yakipakia abiria hatua chache kutoka hapo. Binti aliweka benchi na mtungi wa maji, na watu waliokuja mjini hospitali au sokoni, wa Tongoni, wa Pangani, wakawa wanaingia kungoja gari. Hakukuwa na kiingilio.

"Kwa nini umenichagua mimi?" nilimuuliza. "Sayansi yenyewe niliiacha darasa la nane."

"Kwa sababu wanakuamini, Maalim. Wakikuona wewe mlangoni hawataogopa kuingia."

Hilo lilikuwa kweli. Waliingia.

Mwenye nyumba alikuwa ametoa chumba kwa muda mfupi tu. Muuza mitumba mmoja alikwisha kuja kukipima kwa hatua zake. Mzee akatuambia wazi: "Nikiona kina faida kwa watu, nitawaachia mwaka mzima, iwe sadaka yangu. Nikiona ni mchezo, napangisha. Na atakayeniambia ni Maalim. Huyu binti simjui, lakini Maalim namjua."

Binti alifurahi. Mimi nilienda nyumbani na jambo lile limenikaa kifuani.

Kazi yangu ilikuwa kuona nani ameingia, ameshika nini, ameuliza nini, na akitoka nimuulize amejifunza nini. Wanaume walienda moja kwa moja kwenye sumaku, wakazigombanisha kama majogoo. Wanawake walikaa benchi, mafurushi miguuni, wakatazama barabara. Ukipita mbele yao walishusha macho. Kiwiliwili kilikuwa nyuma yao na hakuna aliyegeuka.

"Mmejifunza nini leo?" niliwauliza kina mama wawili gari lao lilipoanza kupiga honi.

"Mengi, Maalim. Mwenyezi Mungu akulipe kheri."

"Mengi kama yapi?"

"Yote!" alisema mmoja, na mwenzake akamvuta buibui waende.

Ilikuwa hivyo kila siku. Mengi. Mazuri sana. Tumefaidika. Nilikuwa nawajua watu wangu: mgeni haambiwi chakula chake hakina chumvi. Walinijibu vile ambavyo ningejibu mimi.

Nilipoenda sala ya adhuhuri sikufunga mlango. Nani ataiba ini la plastiki? Lakini siku moja niliporudi nilikuta ini lenyewe limewekwa mahali pa moyo, na moyo uko mezani kando ya mtungi. Mtoto alikuwa amerudishwa kizazini kichwa juu miguu chini. Benchi lilikuwa na wanawake watatu, wametulia, wanatazama barabara.

"Nani ameshika hiki?" niliuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza.

"Sisi tunangoja gari tu, Maalim."

Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Nikaanza kukosa utulivu. Ninasimama kwenye safu, imamu anasoma, na mimi nawaza: sasa hivi wanashika nini? Nani anamweleza nani? Nimefundisha watu maisha yangu yote kuhudhurisha moyo katika sala, na sasa mwili wangu uko msikitini na moyo uko Ngamiani kwenye chumba cha samaki wa chupa. Nikaacha kuvuta uradi baada ya sala. Nikitoa salamu tu, nachukua baiskeli. Kila siku nilirudi mapema kuliko jana, na kila siku nilikuta wanatazama barabara.

Siku moja nilifika nikasikia vicheko kabla sijashuka. Mmoja alikuwa akisema kwa sauti ya juu, "Si nilikwambia? Hapa ndipo panapokazana!" na wengine wakamcheka. Nikasimama katikati ya barabara nimeshika baiskeli. Nikipiga hodi wananyamaza. Nikinyamaza mimi nitakuwa nasikiliza maneno ya wake za watu mlangoni. Mpita njia akaniuliza, "Maalim, umepoteza kitu?" Nikakohoa. Kicheko kikakatika.

Jioni ile nilimweleza binti. Macho yake yaling'aa.

"Basi tumepata! Wanajifunza, ila hawajifunzi mbele yako. Tutatundika pazia kule nyuma, Maalim, wewe ukae ndani yake. Wadhani umeenda msikitini."

"Mwanangu, hilo siwezi. Kupelelezana kwetu ni haramu. Watoto wa chuoni nawafundisha hivyo."

"Si kuwapeleleza. Ni utafiti. Mtu asipojua anatazamwa ndipo anakuwa mwenyewe."

"Na ndiyo maana nisimtazame."

Akasema taratibu, "Mzee anakuja Ijumaa kuuliza, Maalim. Utamwambia umeona nini?"

Usiku ule nilikuwa nageuka kama chapati. Mke wangu akasema gizani, "Leo kunguni ni wewe mwenyewe." Nikamweleza yote: chumba, pazia, Ijumaa, ini mahali pa moyo. Nilidhani atanihurumia. Alicheka mpaka akaketi.

"Ini niliweka mimi," alisema.

"Wewe?"

"Kwani mimi sina miguu? Nilipita kumngojea dada yangu wa Pangani, nikaondoka kabla hujarudi. Umesema chumba ni cha watu wote."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? 'Maalim, leo nimeshika kizazi'? Tumezaa saba, bwana, na siku hata moja hukuniuliza kinakaa wapi."

"Sasa umejifunza nini?"

"Mengi," alisema, na akavuta shuka.

Binti aliposikia habari hiyo alimwomba mke wangu akae kwenye benchi badala yangu. Mke wangu akakubali, kwa sharti moja: kila atakayeingia ataambiwa kwamba huyu mama ametumwa kusikiliza. Atakayetaka kusema aseme. Binti alikuna kichwa, kisha akakubali. Siku mbili nilikaa kwangu Mabawa nikizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mke wangu aliporudi nilimpokea kapu.

"Walisema?"

"Walisema. Mmoja alilia."

"Alilia nini?"

"Nimemwambia binti, kwa kuwa yule ni mwanamke na ana kazi nayo. Kwako wewe, hiyo ni amana ya watu, siwezi kukupa."

Nilishukuru kwamba nina mke wa namna hiyo, na nilikasirika pia. Vyote viwili nilivihisi, na sikujua kipi nikiseme, basi nikaenda kutawadha.

Ijumaa baada ya sala mzee alikuja. Aliketi benchini, akazungusha sumaku moja kidoleni. Binti alianza kueleza aliyoyapata, kwa ufasaha na bila kutaja mtu. Mzee alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Maalim, wewe umeona watu wakijifunza humu?"

Binti alinitazama. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakunitazama. Nilijua neno moja litatosha. Pia nilijua kuwa ushahidi ni wa jicho la mtu, haukopwi jicho la mwingine, hata la mke.

"Sikuona," nilisema. "Niliona vitu vimehama. Nilisikia kicheko. Nilipoingia kilikatika. Ninaamini asemayo binti, na mke wangu simjui kwa uongo. Lakini umeniuliza nilichoona."

"Kwa hiyo shahidi wangu ndiye aliyekuwa akiwazuia."

"Inaelekea hivyo."

Mzee alicheka, akanishika mkono, akasema Mungu anizidishie. Mwisho wa mwezi akampangisha muuza mitumba. Sikumlaumu, na simlaumu leo. Alikuwa ametaka ushahidi wa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa nao.

Siku ya kufungasha, binti alifunga sumaku kwenye magazeti. Nilimwambia, "Nimekupotezea chumba."

"Hapana, Maalim," alisema. "Ulinipotezea pazia, na silijutii." Kisha akaangalia kiwiliwili. Hakikuingia kwenye sanduku lolote, na mkuu wa shule aliyeombwa kukihifadhi alisema wazazi watamla mzima. "Na huyu tumpeleke wapi?"

"Kwangu," alisema mke wangu.

Nilifungua mdomo. Hakungoja.

"Kitakaa chumba cha uani. Watakaotaka watakuja baada ya adhuhuri, wenye nyumba wakiwa hawapo."

"Mwenye nyumba ni mimi," nilisema.

"Ndiyo. Wewe utakuwa msikitini."

Basi ikawa hivyo. Nilikuwa nikisali adhuhuri na kubaki pale mpaka alasiri. Muda ule ni mrefu kwa mtu ambaye nyumbani kwake kuna jambo asilolijua. Nilisoma juzuu, nikazisoma tena. Nilihesabu mianzi ya dari. Wenzangu wakaanza kunisifu: Maalim sasa amejitenga na dunia. Niliwaambia ukweli, kwamba nimefukuzwa nyumbani, wakadhani ni unyenyekevu. Binti alikuja kila baada ya miezi kadhaa, akakaa uani na wanawake, akaondoka na maelezo yake. Utafiti ukaendelea bila mtazamaji aliyelipwa.

Siku moja akaja msikitini kijana wa Tongoni, mvuvi, akiwa na kikoi bado kina chumvi. Alinisalimu shikamoo na kukaa karibu kuliko kawaida.

"Maalim, huko kwako wanafundisha nini?"

"Kuna nini?"

"Mke wangu ana mimba kubwa. Leo alfajiri ameamka ananiambia mtoto amekaa vibaya, amempapasa mwenyewe, anataka hospitali ya mjini leo hii, hangoji. Mama yangu akamwambia ameanza ujuaji. Akasema haidhuru, yeye anakwenda. Nimemleta. Daktari amempima, amesema ni kweli, abaki palepale." Alinitazama usoni. "Amejuaje?"

Nilihisi kitu kama furaha kikinipanda, na nyuma yake nikahisi hamu kubwa ya kwenda nyumbani wakati uleule, kuingia uani na kuuliza kila mmoja: mlisema nini, mlishika nini, ilikuwaje. Adhana ya alasiri ilikuwa bado.

"Kamuulize mwenyewe," nilimwambia.

"Nimemuuliza. Anasema ni mambo ya wanawake."

"Basi muulize tena," nilisema, "na akianza kukueleza, usimkatize." Alishukuru, akaenda zake hospitali. Mimi nilibaki nimekaa kwenye mkeka, nikabadilisha mguu, nikabadilisha tena.