Kizibo cha Land Rover

Mbonimpa alikuwa fundi magari pale Ihanda, mtu mkali, mikono haitoki grisi hata Jumapili. Wazazi wake walitoka Burundi, na kuna watu hawakumwacha asahau. Mmojawapo ni Kaijage, mwenye Land Rover kuukuu ya dizeli, ya kubebea kahawa.

Mwaka 1989, mwezi wa tisa, mkaguzi wa magari alifika sokoni Kayanga. Land Rover ya Kaijage ilipowashwa ikatapika moshi mweusi, watu wakakimbia wameziba pua. Mkaguzi akaikataa, akampa wiki moja. Badala ya kunyamaza, Kaijage akapaza sauti pale pale sokoni: "Yule mkimbizi kaniulia gari! Mwezi wa tano alifungua injini, oneni sasa!" Maneno ya sokoni bwana! Kesho yake wateja walishahamisha magari yao, banda la Mbonimpa likabaki tupu.

Mbonimpa akamfuata nyumbani.

"Shikamoo, mzee. Lete gari. Likipita, utasimama mbele ya watu Kayanga useme nani kalitengeneza."

"Nitasema. Ila nitakaa nakuangalia, usije ukaniibia nozeli."

Neno hilo lilimchoma Mbonimpa. Hata hivyo gari likaletwa bandani.

Alipofungua bomba la kuingizia hewa, alikuta nini? Jani la mgomba, limeviringishwa likasokomezwa barabara, vile tunavyoziba vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Nani kaweka hiki?"

"Mimi. Vumbi la kiangazi lisiingie."

Yesu na Maria! Mtu anainyima injini pumzi kwa mikono yake, halafu anamtukana fundi!

Angeweza kuchomoa jani na kumfukuza. Lakini injini ilikuwa imejaa masizi, na Mbonimpa hakujua kufanya kazi nusu, hata kwa mtu anayemchukia. Akafungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akakwangua, akasafisha nozeli za kupulizia dizeli moja moja, akarekebisha valvu, akamwaga oili chafu. Siku tatu nzima, Kaijage kwenye kigoda anamkodolea macho.

Siku ya ukaguzi gari likawashwa pale sokoni, Mbonimpa naye yupo. Moshi hakuna.

"Safi," akasema mkaguzi. "Nani kalitengeneza?"

Kaijage akautazama umati, akakohoa. "Fundi mmoja wa Bukoba."

Mbonimpa akaingiza mkono mfukoni. Akaliweka juu ya boneti lile jani kavu, jekundu kwa vumbi.

"Na kizibo hiki cha rubisi, mzee, kakiweka huyo huyo wa Bukoba?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Placidia, mke wa Kaijage. "Baba Egbert! Umeziba gari kama kibuyu?" Sokoni pote pakalipuka.

Jumatatu banda lilijaa magari. Kaijage hakumsalimia tena Mbonimpa mpaka anaingia kaburini. Lakini kila ukaguzi ulipokaribia, Land Rover ilikutwa asubuhi mbele ya banda, ufunguo ndani, mwenyewe keshaondoka kwa miguu. Na Mbonimpa, kabla ya kushika spana, alichungulia kwanza bomba la hewa.