Kiti Kisichomwagiwa Maji ya Moto

Mtu akikata dhania mbichi karibu nami, naanza kujikuna. Wenzangu huisifu harufu hiyo. Mimi huinama kukagua mshono wa kiti nilichokalia. Aliyewahi kuponda kunguni baina ya vidole atanielewa. Harufu ni ile ile, ila ina mafuta kidogo, na haitoki kwa kunawa mara moja.

Miaka ya sitini, muda mfupi baada ya uhuru, tuliishi Tororo, upande wa Uganda, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Baba alikuwa Msamia wa upande wa Kenya na Mama alikuwa Mjopadhola wa Paya, jirani na hapo, hivyo nyumbani walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake. Msimamizi mmoja Mzungu alipofungasha kurudi kwao aliuza vyombo vyake, na Mama akapata kiti: mito ya kijani, mikono mipana ya mbao. Alikifunika kwa vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, akatukataza kukikalia. Kilikuwa cha wageni.

Mdogo wangu Wandera, aliyelala mkekani karibu na kiti hicho, ndiye aliyeanza kujikuna. Tukasema ni mbu.

Majuma machache baadaye akaja shangazi Nabwire, dada yake Baba, kutoka Busia ya Kenya, na sanduku moja la bati. Alikuwa amemkimbia mume ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi. Wazazi wao walikuwa wamekufa, na Baba akamwambia akae. Akitoka kwetu, hakuwa na pengine ila kule kule. Tulilala naye kitanda kimoja cha kamba, nami nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Asubuhi ya pili alimgeuza Wandera mgongo, akatazama alama tatu zilizopangana kama vifungo vya shati.

"Wifi, huyu hajaumwa na mbu," alisema kwa upole. "Mbu haumi kwa mstari."

Hapo ndipo alipojiponza. Mpakani kila upande ulijua kwamba kunguni hutoka upande wa pili. Basi aliyemtaja mdudu ndiye aliyemleta.

"Hapa kwetu hii dudu haikuwa," Mama alijibu. "Imekuja na sanduku. Kikulacho ki nguoni mwako, wifi."

Vita vikaanza. Kila Jumamosi tulitoa vitanda juani, na shangazi mwenyewe akazunguka na birika akimwaga maji ya moto kwenye maungio na mafundo ya kamba. Miguu ya vitanda tuliisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta ya taa. Kunguni wakapanda ukuta, wakafika darini, wakajiangusha juu yetu.

"Hawa wana akili kuliko askari wa mpakani," shangazi alisema. "Ukifunga barabara, wanajua njia ya panya."

Alinifundisha kuwasoma. Mwenye njaa ni bapa kama punje ya simsim. Aliyeshiba ni duara kama ushanga mwekundu na hutembea kwa shida. Haruki wala hachupi. Anaweza kukaa miezi bila kula, akikungoja. Na kila anapojificha huacha nukta nyeusi, kama mtu aliyekung'uta kalamu.

Hatukutulia. Mama alipepeta mtama huku akijikuna kwa kiwiko. Baba alisugua mgongo kwenye mwimo wa mlango, akiongea na jirani kana kwamba ameegemea tu. Mimi nilichora nyumba yetu daftarini, nikatia alama kila nilipoona nukta zile. Alama zilisongamana sebuleni, zikapungua kuelekea kitanda chetu. Kwenye sanduku la shangazi sikuona hata moja.

Nikampelekea Mama. Aliufuata mchoro kwa kidole mpaka kwenye kiti cha kijani.

"Mzungu hana kunguni," alisema, akauchana ule ukurasa na kuutumia kuwashia jiko.

Jumapili moja walikuja wanawake wa kanisani. Mkubwa wao alikalishwa kwenye kiti cha kijani. Nilikuwa nimeshika sahani ya mandazi nilipomwona: kunguni mmoja, mchana kweupe, akipanda kitambaa cheupe kuelekea bega la mgeni. Nilifumbua mdomo. Sasa Mama angeona, wote wangeona, na shangazi asingelaumiwa tena wala kufukuzwa.

Shangazi aliniwahi. Aliinama kuweka kikombe cha chai, mkono wake wa kulia ukapita juu ya kitambaa kama anayekinyoosha, vidole viwili vikakutana. Harufu ikapanda.

"Mnapika na dhania, kama Wahindi?" mgeni aliuliza.

"Ndiyo, mama," shangazi akasema. "Wifi yangu ni fundi wa jikoni." Akanikazia macho, nami nikafumba mdomo.

Lakini mgeni aliondoka akijikuna shingo. Jioni Mama alisema, bila kumtazama, "Wifi, nakuomba. Watu wataanza kuongea." Baba alikaa kimya, nayo ikawa ruhusa. Kesho yake sanduku la bati lilirudi Busia. Sisi tuliendelea kuumwa, na Jumamosi tukaendelea kumwagia vitanda maji.

Miaka mingi niliamini kwamba shangazi alimwogopa Mama. Nilipokwenda kufanya kazi Busia nikiwa mtu mzima, nilimkuta akiishi peke yake katika chumba kisafi.

"Kile kiti bado kipo?" ndilo swali lake la kwanza.

"Kipo."

"Nani anakikalia?"

"Wageni."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Nikamuuliza kwa nini hakuniacha niseme.

"Mama yako alikuwa na kiti kile tu cha kuwaonyesha watu," alisema. "Mimi nilikuwa na pa kwenda, hata kama ni pabaya. Yeye, aibu ikishamkuta ndani ya nyumba yake, angekwenda wapi?"

Kisha akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto, akiniomba radhi. Ule wa kulia ulikuwa haukunjuki tena vizuri, tangu mwaka ule aliporudi kwa mumewe.