Rehana na sura iliyomnyima mazishi ya mama

Saa mbili asubuhi, Rehana Semboja anasogeza kiti karibu na dirisha na kufungua kitabu pale alipoweka kipande cha gazeti jana. Chai imeshanywewa, dawa ya sukari imeshamezwa. Mbele yake, kwenye godoro lililotandikwa chini na kuzungushiwa mito, ameketi mzee wa miaka themanini na moja asiyeona.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Tulifika wapi?"

"Pale anaposema mji haujengwi na serikali, unajengwa na watu wanaojuana."

"Zein, vizuri. Soma."

Anasoma kwa Kiingereza, polepole, akisimama kila anapoona mzee amekunja paji la uso. Nje, maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yanapita chini ya migomba ya Birkat al Mauz, hapa Omani, kama yalivyopita jana. Kitabu chenyewe ni cha Mmarekani aliyekwisha kufa, kimechapishwa miaka sabini iliyopita. Kwenye rafu za chumba hiki viko zaidi ya mia mbili vya namna hiyo, na katika nyumba nzima hakuna mwingine anayevigusa.

Rehana ana umri wa miaka thelathini na saba. Ni mzaliwa wa Korogwe, mkoani Tanga, na ni mfanyakazi wa ndani. Aliajiriwa kupika, kufua na kumhudumia Maalim Haidari, ambaye kisukari kilimla macho na sasa kinamla miguu. Analipwa rial tisini kwa mwezi. Kusoma vitabu hakumo katika mkataba wake.

"Nilimkuta siku moja amekishika kitabu kichwa chini," anaeleza. "Nikamwambia. Akacheka, akasema, 'Basi kigeuze unisomee.' Hakujua kama najua kusoma. Mimi kule nyumbani nilifundisha shule ya msingi miaka miwili, kwa kujitolea. Nilingoja ajira, haikuja."

Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Tangu hapo, kila asubuhi isipokuwa Ijumaa, Rehana amemsomea Maalim maneno ya wahafidhina wa Marekani. Hawa ni wasomi walioandika baada ya vita vya pili vya dunia kwamba jamii si mashine ya kufunguliwa skrubu na kuundwa upya. Jamii ni urithi, walisema, na walio hai wameukuta tu. Wana wajibu kwa waliokufa na kwa ambao hawajazaliwa.

Mzee huyu aliyapendaje mawazo hayo? Jibu lake ni fupi.

"Mie n'na miaka ishirini, mtaa wetu Unguja uliondoka asubuhi moja," anasema Maalim Haidari. "Januari ya sitini na nne. Watu walokuwa wakitulisha nasi tukiwalisha, hatukuonana tena. Nikafika Amerika kusoma, nikakuta watu wanaandika kuwa yalojengwa kwa miaka mia mbili yanaweza kubomoka kwa siku moja, na aliyebomoa hajui atajenga nini. Nikasema, hawa wananijua."

Kutoka Amerika alihamia Omani na vitabu vyake kwenye masanduku, akafundisha vyuoni mpaka alipostaafu. Wanafunzi wake wengi walitaka kujifunza biashara. Mkewe alifariki. Watoto wake wanne wana kazi za mishahara na biashara, katika miji ya Nizwa na Maskati. Wanasema Kiarabu, na Kiswahili chao ni cha kuamkia wazee.

Akabaki na jambo moja alilotaka kulitimiza kabla ya kufa: kuandika kwa Kiswahili kitabu cha kuwaeleza watu wake mawazo hayo. Yeye anasema kwa imla, Rehana anaandika. Madaftari makubwa waliyanunua mji jirani wa Firq, kwenye duka la vifaa vya ofisi. Yamefika kumi na manne, kurasa zaidi ya mia tisa, zote kwa mwandiko wa Rehana.

Haikuwa kazi ya kuandika tu. Rehana alikuwa akiuliza.

Katika daftari la tano, Maalim alikuwa akieleza ugomvi wa wahafidhina wenyewe kwa wenyewe: kundi moja liliweka mbele uhuru wa soko, jingine dini na mila, na la tatu likataka kuyafunga yote mawili kwa kamba moja. Rehana akasimamisha kalamu. Alimuuliza, ikiwa soko lina uhuru wa kumtoa mama Korogwe na kumleta Birkat al Mauz, mila ya nyumba ya huyo mama itashikwa na nani?

"Akasema," Rehana anakumbuka, "'Liandike swali lako. Usiliandike kama langu, andika Rehana kauliza.'"

Katika daftari la tisa kuna kurasa ishirini juu ya watu weusi wa Marekani, na jinsi baadhi ya wasomi hao walivyowaambia wasubiri, mambo yasiharakishwe. Hapo pia swali lilikuwa la Rehana: wasubiri mpaka lini? Maalim hakuwatetea. Alisema iandikwe kwamba hapo walikosea, na kwamba mtu aliyeshiba hawezi kumpangia mwenye njaa muda wa kusubiri.

"Nilikuwa nikitoka kwenye kile chumba naenda kuosha sufuria," anasema Rehana, "lakini najiona mtu."

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, walibakiwa na sura moja. Ilihusu wazo ambalo Maalim alilipenda kuliko yote: kwamba upendo wa binadamu wote ni maneno matupu ikiwa mtu hatimizi wajibu wake kwa walio karibu naye, yaani wazazi, watoto, jirani wa ukuta kwa ukuta.

Wiki hiyo hiyo dada yake, Kudura, alipiga simu kutoka Korogwe. Mama yao, aliyekuwa amelala na kiharusi, hali chakula tena, anapewa maji kwa kijiko. Muda wa likizo ya Rehana ulikuwa umeshapita kwa miezi minne. Tiketi ilikuwa haki yake.

Shukriya, binti mkubwa wa Maalim, alikuwa na safari ya mafunzo ya kazi, hangeweza kumhudumia baba yake. Anaisimulia siku hiyo bila kujificha. "Mimi nilisema tutatafuta mtu, wallah nilisema," anaeleza kwa Kiswahili chake cha kuchanganya. "Lakini Baba hataki mtu mwingine. Alisema mtu mwingine hajui kitabu yake."

Rehana alimwambia Maalim asubuhi, kabla ya kufungua kitabu.

"Wiki mbili, Rehana," mzee alimjibu. "Mie sina muda, na nikikuacha uende sijui kama nitakuwepo urudipo. Tumalize sura hii, kisha wende ukakae na mamako hata miezi mitatu."

Akakubali.

"Watu wakisikia wanasema nilizuiwa," anasema. Sauti yake haipandi. "Hakunizuia. Pasi yangu ninayo mwenyewe, iko kabatini. Aliniomba, nami nikaona raha kuombwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kazi yake haiendi bila mimi. Mama yangu hakujua kusema hivyo, alikuwa ananiita tu."

Siku ya tisa, simu ililia juu ya meza wakati anaandika. Aliusoma ujumbe wa Kudura, akaiweka simu chini, akaendelea na sentensi mpaka nukta.

"Mbona umesita?" Maalim akamuuliza.

"Mama amekufa."

Rehana anasema alisikia maji ya falaji kwa muda mrefu. Hatimaye Maalim alimwambia alete madaftari yote. Akayapanga mapajani, akayapapasa moja moja mpaka la kumi na nne.

"Miaka hamsini nasoma kuwa aliye karibu ndiye wa mwanzo," alisema. "Akaja, nikamwambia angoje. Yafunge, mwanangu. Khalas."

Mazishi yalifanyika siku ile ile, alasiri. Rehana aliyafuata kwenye simu, mtandao ukikatika. Alimwona mjomba wake, akaona mchanga, kisha picha ikaganda. Baada ya hapo hakusafiri: aliyekuwa akimwita alikuwa ameshazikwa.

Imepita miezi saba. Maalim Haidari hajatamka tena neno moja la kuandikwa. Anaomba kusomewa tu, na siku nyingine katikati ya ukurasa analia bila sauti. Daktari amemwambia mguu wa kushoto hautapona. Ameomba radhi mara nyingi, hata Rehana akamwomba asirudie.

"Kumsamehe nimemsamehe," anasema. "Sijui nifanye nini na mimi mwenyewe."

Madaftari sasa ni ya Rehana. Maalim alimpa mbele ya watoto wake, na hakuna aliyepinga. Shukriya anasema aliwahi kulifungua moja, akasoma mistari mitatu kwa tabu, akalifunga. "Ni maisha ya Baba ile," anasema, "na sisi hatuwezi kuisoma. Inaniuma, lakini nifanye nini?"

Rehana haamini kwamba kitabu kitachapishwa. Aliyekisema hakitaki tena, na yeye hajui mchapishaji hata mmoja. Amejaribu kuiandika sura ya mwisho mwenyewe, mchana, mzee akiwa amelala. Amefika ukurasa wa pili.

"Wale mabwana wanaandika vizuri sana juu ya nyumba," anasema. "Chakula kiko mezani, watoto wamekaa, wazee wanaheshimiwa. Nataka kuwauliza aliyepika katoka wapi, na kwake kabaki nani. Lakini nikifika hapo, naona anayeulizwa ni mimi."

Kwake alibaki Tahira, binti yake wa pekee. Alimwacha ana miaka sita, sasa ana kumi na miwili. Analelewa na Kudura. Mwezi uliopita, kwenye simu, Tahira alimwamkia, "Shikamoo, shangazi," kisha akanyamaza kama aliyeteleza. Rehana aliitika marahaba. Hakumsahihisha.

Mkataba wake unakwisha mwezi wa Juni na hataongeza. Maalim anajua, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Shukriya akate tiketi mapema, asije mwenyewe akamwomba Rehana angoje tena. Mtu wa kushika nafasi yake amepatikana, Mtanzania mwingine. Hajui Kiingereza.

Huko Korogwe, Rehana anataka kuomba tena kazi ya ualimu, ingawa umri unamtupa mkono. Ikishindikana, atauza maandazi nje ya shule ambayo Tahira anasoma, ili amwone akiingia na akitoka.

Nilipomuuliza anatarajia nini siku atakapofika, alikitazama kitabu kilichofunikwa mapajani.

"Sitarajii aniite mama," alisema. "Aniite atakavyo. Ila nikibisha hodi, asiulize ni nani."