Ziwa Bila Taa

Binti yangu alipomaliza kujenga kilimani Kinanira alinitoa mtaani kwangu Bwiza, akasema nije kwake nipumzike. Nilikuja, na tangu siku hiyo sijapumzika. Kosa si la nyumba. Nyumba ni nzuri, ina maji ndani na maua mlangoni. Kosa ni la barza yake. Imelitazama ziwa lote, kutoka bandarini mpaka kule inakoanzia milima ya Kongo, na mimi nina mtoto anayefanya kazi juu ya maji hayo.

Bwiza nilizeeka karibu na ziwa bila kuliona. Pale unaona ukuta wa jirani, unasikia muziki wa baa mbili zinazoshindana, unasikia wanawake wakigombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kirundi. Ziwa kwangu lilikuwa ndagala, dagaa wetu wa huku. Niliwauza sokoni, wabichi asubuhi, wakavu mpaka jua linashuka. Marehemu mume wangu alisafiri na meli za mizigo mpaka alipostaafu, na yeye akiwa majini mimi nilikuwa nafunga mlango nalala. Hakukuwa na kitu cha kutazama, basi sikutazama.

Sasa ni huyu kitinda mimba wetu. Anakwenda mji wa Baraka, ng'ambo ya Kongo, anapakia maharagwe na mafuta ya mawese kwenye boti ya watu. Siku ya kurudi ananipigia simu asubuhi: "Mama, leo jioni niko kwako." Akishasema hivyo, kiti kinaniwasha. Nanyanyuka, nakaa, napeleka kikombe jikoni, nakirudisha kikiwa bado na chai. Mume wa binti yangu, kijana wa heshima ambaye hanitazami usoni kwa sababu mimi ni mkwe wake, hupita pembeni ya barza kama mtu anayeogopa kumkanyaga kuku.

Kilichonituliza zile siku za kwanza ni taa. Jua likishazama, wavuvi wa ndagala wanatoka, kila kundi na taa zake za kuvutia samaki, na ziwa linawaka kama vile mtaa mwingine umejengwa juu ya maji. Nikajitungia sheria yangu. Taa zikiwa nyingi, maji yametulia, mtoto anakuja. Zikiwa chache, kuna upepo. Hakuna aliyenifundisha. Mara mbili alikwenda akarudi, na mara zote mbili ziwa lilijaa taa, kwa hiyo sheria ikawa sheria.

Mjukuu wangu, huyu ninayemwita kwa utani muke mwenzangu na yeye ananiita vilevile mbele za wageni, aliniletea kitabu cha shule chenye picha ya mnara mweupe juu ya mawe, na kileleni taa. Maneno ya Kifaransa chini yake sikuyasoma. Picha niliisoma.

"Huu ni wa kuonyesha meli njia," akasema. "Ulishauona, Nyanya?"

"Babu yako ndiye aliuona. Mi nilisimuliwa."

Na kweli alinisimulia, taa ya namna hiyo kwenye bandari moja ya kusini. Mimi nilidhani inawaambia watu karibuni. Mume wangu alinicheka. "Apana. Ile inasema, usije huku, kuna mawe. Inakufukuza, na we unaishukuru." Neno hilo sikulipenda. Mwanamke anayesubiri anataka taa ya kusema karibu. Tena nilipoitazama ile picha nikaona hali yangu imegeuzwa. Mnara ule umesimama nchi kavu, unawaangazia walio majini. Mimi nimekaa nchi kavu, juu ya saruji, na ni watu wa majini wanaoniangazia mimi. Bila wao ningezama palepale kwenye kiti.

"Kwa hiyo mnara wako ni wavuvi?" mjukuu akauliza.

"Ni wavuvi."

"Na wao hawajui?"

"Wakijua watakuja kula hapa."

Sikuwa nimemaliza hata mwezi mmoja Kinanira ilipofika siku hiyo ninayotaka kuieleza. Ilikuwa masika, mawingu yamelala juu ya paa. Mwanangu alipiga simu asubuhi, leo jioni niko kwako. Jua likazama. Nikangoja taa ya kwanza, haikutoka. Giza likashika, ziwa likawa jeusi kama chungu, hata nukta ya mwanga hakuna. Nikampigia, simu haipatikani.

"Mama, kaa basi," binti yangu akasema.

"Wavuvi wote wamebaki nchi kavu. Kuna kitu wamekiona."

"Kitu gani?"

"Dhoruba."

"Upepo uko wapi? Hata pazia halitikisiki."

"Iko ng'ambo. Inakuja."

"Nyanya amekuwa redio ya hali ya hewa," mjukuu akasema.

"We muke mwenzangu, nyamaza! Mjomba wako yuko majini."

Nikajifunga kitenge, nikavaa viatu vya kanisani kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu, nikafungua geti mwenyewe. Binti yangu alipoona kweli nashuka kilima kwa miguu, akaenda kutafuta funguo za gari.

Mwaloni, pale boti zinaposhusha mizigo, wanawake wa ndagala walikuwa wamekaa juu ya mabeseni yaliyopinduliwa, wanapiga soga. Wengi niliuza nao sokoni. Majina yao ninayo, na ya watoto wao, na ya waume waliowakimbia, lakini siyaandiki, watasema nimewatangaza.

"Ah, mama wa Kinanira!" akasema mmoja mnene, aliyekuwa akinipokonya wateja. "Umeshuka na gari kutuangalia?"

"Wavuvi wako wapi?"

"Wako kwa wake zao."

"Kwa nini? Kuna nini ziwani?"

Wakatazamana. Yule mnene akanyoosha kidole nyuma yangu, upande wa milima ya kwetu. Wingu lilikuwa limechanika, na mwezi uko pale, mzima, kama sinia.

"Mwezi umejaa, Mama. Ndagala hawafuati taa. Umesahau kazi, ama huko juu munakula nyama tu?"

Wakacheka mpaka beseni moja likabingirika. Nilitamani ardhi inimeze. Maisha yangu yote ya sokoni nilijua juma la mwezi. Wavuvi wanalala kwao, ndagala wabichi hakuna, wakavu wanapanda bei. Sikuhitaji kutazama juu, nilijua kwa uzito wa kapu. Lakini ile nyumba imeipa milima mgongo, mwezi unatokea nyuma ya paa, na sokoni anakwenda binti yangu. Nilikuwa nimekaa kilimani nasoma taa, na kilichozizima nimekisahau.

Kicheko kilipoisha nikaona jambo baya zaidi. Kama giza lile halikuniambia kitu, basi hata taa za siku nyingine hazikuniambia kitu. Wavuvi wanafuata ndagala, hawajui kama nina mtoto. Na mtoto alikuwa bado hajafika.

Yule mnene akanipa beseni lake nikalie, yeye akasimama. Binti yangu alibaki kwenye gari, mlango wazi, mguu mmoja nje. Tukakaa hivyo, sote tunalitazama ziwa. Wingu likaufunika tena mwezi, halafu injini ikasikika, boti ikaja gizani na tochi ya mtu mmoja mbele. Nikaanza kuita jina la mwanangu kabla sijaona sura ya yeyote. Nikaliita mpaka likawa geni mdomoni mwangu.

"Yuko!" sauti ya nahodha ikajibu. "Mumuamshe huyo, mama yake anapiga kelele."

Mwanangu akainuka kutoka juu ya magunia ya maharagwe, turubai begani, shavu lina michoro ya gunia.

"Mama? Nani amekufa?"

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nalala."

"Na siku nyingine, ukiwa unakuja, unatazama nini?"

"Mi nalala, Mama. Kutoka Baraka mpaka hapa. Mwenye kuendesha ndiye anatazama."

Siku zote zile mimi nimesimama barzani namvuta kwa macho, na yeye anakoroma. Wanawake walianza tena kucheka, nami nikacheka, kisha nikampiga kofi la begani, kofi la kweli.

Kwenye gari nilimwambia asinitajie tena siku ya kurudi. "Njo tu. Nikikuona, nimekuona." Akakubali upesi. Binti yangu akasema hapo sasa ndipo nitapata usingizi.

Amekwenda tena, na neno lake amelishika, siku hakuitaja. Mwanzoni nilikuwa na jioni moja ya kusumbuka, zile nyingine nilikula na kulala kama watu. Sasa kila jioni inaweza kuwa ndiyo anayorudi. Taa zimetoka, ni nyingi, najua hazisemi na mimi, na macho hayatoki kwazo. Mjukuu ananiita chakula kinapoa. Nasema nakuja. Siendi.