Kishada Chenye Udi Mbele ya Sili

Nimelionea haya jambo hili kwa miezi, na nalisimulia sasa kwa sababu tu wenzangu waliokuwapo wamekwisha kulisimulia kwa kicheko (nilichekesha kweli, sikatai), ila kicheko chao hukoma pale nilipotolewa majini, ilhali mkasa wenyewe ndipo ulipoanzia.

Mimi ndiye niliyewapeleka. Tangu nimalize masomo ya mazingira chuoni naongoza kikundi cha vijana hapa Ibra, Oman, tunaokota plastiki mabondeni, na kila Alkhamisi nawahutubia (ndiyo, nawahutubia, kwa sauti ya khatibu kabisa) juu ya amana tuliyopewa kwa viumbe. Basi tukaomba ruhusa katika bustani ya wanyama ya mtu binafsi, nje ya mji, tuingizwe nyuma, wasikofika wageni wa kawaida, tukamwone sili, yule mnyama wa bahari za baridi mwenye masharubu na macho ya mtoto aliyetoka kulia, ambaye huku kwetu kwenye joto anaishi chumbani, ndani ya bwawa linalopozwa kwa mitambo.

Asubuhi ile bibi yangu aliniita mlangoni. "Njoo hapa weye! Utakwendaje kwa watu hunukii?" Akakichovya kishada cha kanzu yangu, hiki kinachoning'inia shingoni kwa kanzu zetu za Oman, ndani ya kichupa chake cha mafuta ya udi, si ncha tu, chote.

Mtunzaji wa sili alikuwa Mzee Rajabu, aliyezaliwa Bujumbura na kurudi huku na wazazi wake. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akatueleza kwamba sili wake, Lulu, alifiwa na mwenzake, akasusa chakula, na sasa mapafu yake yanaumwa. Dawa hufichwa tumboni mwa samaki, na siku tatu hizi ndiyo kwanza ameanza kupokea samaki mkononi mwa mtu.

"Asipokula hapati dawa, na asipopata dawa hana siku," alisema. "Kwa hiyo nauliza, mnijibu kweli: nani amejipaka manukato? Huyu hanijui kwa sura, ananijua kwa pua. Harufu kali ikimtisha, hafungui mdomo."

"Mie nimefukizwa, ammi, nakaa nje," akasema Asya, binti mwenye ulimi mkali kuliko sote, akatoka bila kuona aibu, akasimama nyuma ya kioo.

Wakabaki kunitazama mimi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyepangiwa kumlisha, kukiri kungekuwa kuivua kanzu na kubaki na kikoi na fulana mbele ya wasichana ninaowahutubia. "Sina kitu," nikasema. Mikono niliinawa kwa sabuni mara mbili, nikaona hiyo yatosha.

Nikapiga magoti, nikainama na samaki, na kishada nacho kikainama nami. Lulu akaja polepole, akakaribia hata nikaona matone kwenye masharubu yake, akafungua mdomo, akasita, akanipiga chafya ya uso mzima; nami kwa kushtuka nikashika ndoo ya samaki kana kwamba ndoo ingenishika mimi, vigae vilikuwa vimelowa, tukaingia majini pamoja, ndoo, samaki na kiongozi, kofia ikielea upande wake na kanzu imejaa hewa kama kuba.

"Kiongozi!" Asya akapiga kelele nyuma ya kioo. "Usisahau kuokota plastiki humo!"

Wakacheka hata wakakaa chini. Mzee Rajabu akaruka, akanikumbatia kifua kwa kifua, akanitoa. Kisha akanusa shingo yangu, akanusa na shati lake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunigombeza. Alikwenda kuoga, akabadili nguo, akachukua samaki mwingine mwenye dawa, akapiga magoti akimwita kwa jina. Lulu alikuja, akaunusa ule mkono ulionitoa, akarudi pembeni, akaugeuzia ukuta uso wake. Mzee Rajabu alijaribu tena, na tena, mpaka kuadhiniwa alasiri, na hakuna aliyecheka.

Maji walibadilisha siku ileile, lakini Lulu hakula kesho yake, wala siku nne zilizofuata. Kisha Mzee Rajabu akanipigia simu. "Lulu ametutoka, kijana." Nikasema ni mimi, nimemuua mimi. "Mapafu yalikuwa mabovu sana," akanijibu kwa upole. "Daktari anasema hata angekula, huenda asingepona." Huenda. Heri angenitukana.

Alkhamisi sikuhutubia. Niliwaambia wenzangu kwamba niliulizwa swali la wazi juu ya uhai wa kiumbe, nikajibu uongo kwa kuogopa kuonekana na kikoi. Asya ndiye aliyeuliza, taratibu, pasipo utani:

"Na ungekiri, unadhani tungefanya nini?"

"Mngenicheka."

"Tungekucheka," akasema. "Nusu saa. Halafu tungekwenda kula."

Nimeapa kwamba nusu saa kama hiyo, popote itakaponikuta tena, sitaikimbia.