Jumapili Luciana Alipoacha Betri Kivulini

Saa nane mchana, Jumapili, Kasense. Jua la Julai limetoka, lakini upepo wa Ufipa haujali jua. Unapenya hata koti. Nyuma ya duka la kijiji, Luciana Leonardi amesimama na ungo mikononi. Ndani ya ungo hakuna ulezi. Kuna betri sita kubwa za redio, zimelazwa ubavu kwa ubavu.

Anatazama juu ya bati, penye jua. Anatazama upande wa pili wa ukuta, ambako kivuli hakijaondoka tangu asubuhi. Kisha anauweka ungo kivulini, anajifuta mikono kwenye kitenge na kuingia dukani haraka haraka bila kugeuka nyuma.

“Si kwa kusahau,” anasema baadaye, sauti ikiwa chini. “Mimi betri siwezi kuzisahau. Naweza kusahau chumvi kwenye mboga, betri hapana.”

Na Kasense wote wanalijua hilo. Tangu mwezi wa nne betri mpya hazijaonekana dukani, na kila mwenye redio amegeuka mganga. Wako wanaozigonga, wako wanaoziweka karibu na jiko, wako wanaozing’ata kwa meno. Luciana huzianika. Saa mbili za jua zuri humpatia dakika arobaini za redio, na dakika arobaini zinatosha mchezo wote wa Jumapili.

Leo anaomba zisitoshe.

Luciana ana miaka thelathini na minne na watoto watatu. Mumewe analima mahindi, yeye ni muuzaji wa duka tangu lilipofunguliwa miaka mitano iliyopita, kijiji kilipohamishiwa barabarani. Posho yake ni shilingi tisini kwa mwezi, mwezi ambao duka lina kitu cha kuuza. Wiki hii rafu zina viberiti, majembe matatu na chumvi ya mawe. Sabuni imebaki jina.

Redio ilikuja pamoja na duka. Ilitolewa kwa kikundi cha kusikiliza mafunzo ya kuchimba vyoo na kuchemsha maji, na ufunguo wa kabati lake akakabidhiwa Luciana. Vyoo vilichimbwa, mafunzo yakaisha. Kikundi kikakataa kuisha, kwa sababu kilikuwa kimeonja michezo ya kuigiza.

Luciana mwenyewe aliionja zamani kidogo, akiwa msichana, Sumbawanga mjini, dukani kwa Bi Kulsumu. Alikuwa ametumwa mafuta ya taa. Akamkuta Bi Kulsumu ameegemea kaunta, kidole mdomoni, na redioni mwanamke anagombana na shemeji yake juu ya mbuzi.

“Nilisema shikamoo, akaniashiria ninyamaze,” anakumbuka Luciana. “Nikasimama. Mchezo ulipokwisha nikaaga, nikatembea mpaka nyumbani. Mama akaniuliza mafuta yako wapi. Chupa ilikuwa mkononi, tupu!”

Tangu siku hiyo amekuwa mhubiri wa michezo ya redio. Mteja akija kununua kiberiti ataulizwa: umesikia wa Jumapili? Asiposikia ataelezwa nusu tu, pale patamu, kisha ataambiwa aje amalizie mwenyewe. Hushauri watu wafumbe macho. “Ukifumba macho mlango unausikia ni wa mbao au wa bati. Unajua kama anayeingia amevaa viatu au yuko pekupeku. Hata anayedanganya unamjua, sauti yake inakuja na haraka.”

Kwa hiyo kila Jumapili saa kumi watu kama arobaini hukaa mbele ya duka. Nusu yao, wazee hasa, Kiswahili cha redioni kinawapita. Hapo ndipo kazi ya Luciana, ile isiyo na posho, inapoanza. Muziki unapopigwa kati ya onyesho na onyesho, yeye huinuka na kueleza kwa Kifipa yaliyotokea. Muziki ni mfupi, naye amejifunza kubana maneno kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

Wazee humwamini. Akicheka wanacheka, akishika kichwa wanashika vichwa. Na huko kuaminiwa ndiko kunakomnyima usingizi.

Mchezo wa majira haya unaitwa “Daraja la Pili.” Una sehemu kumi. Unamhusu mjane mmoja, Mwanaheri, ambaye mwanawe wa pekee, Hamidi, ameajiriwa kujenga daraja mbali na kwao. Katika sehemu ya sita, mto ukafurika. Hamidi akazama.

Siku ile mbele kabisa, kwenye kigoda, alikuwa ameketi Bibi Zita. Ni mama wa miaka sabini na ushei, macho yake yamefifia, na kwa desturi yake ameshika pindo la kitenge cha Luciana ili ajue msimuliaji wake yuko wapi. Mwanawe wa pekee, Adolfu, alikwenda vitani Kagera mwezi wa Desemba. Barua ya mwisho ilifika Februari. Sasa vita vimekwisha, vijana wa vijiji jirani wanarudi mmoja mmoja, na jina la Adolfu halitajwi na yeyote.

Muziki ukalia. Luciana akainuka.

“Nilifungua mdomo,” anasema, “nikasikia mkono wake unavuta kitenge. Hivi, kidogo. Nikasema Hamidi amevuka ng’ambo. Nikasema ana homa.”

Waliojua Kiswahili walitazamana. Mzee Clemens, balozi wa nyumba kumi, ambaye kwa kawaida hawezi kuona kosa bila kulisahihisha, alikohoa, akatazama miguu yake. Huruma iliwaziba midomo wote, na uongo wa mtu mmoja ukawa mali ya kijiji.

Lakini uongo hula, na ukishaanza kuulisha huuachi. Katika sehemu ya saba Mwanaheri alilia redioni mpaka watoto wakaacha kucheza. Luciana akaeleza kuwa mama huyo analilia unga wake, amepunjwa mashineni. Katika sehemu ya nane majirani walikuja matanga. Luciana akasema ni kikao cha ushirika. Ya tisa hapendi hata kuikumbuka. Kila Jumapili alikuwa anasikiliza mchezo mmoja na kutunga mwingine, jasho likimtoka na upepo wote ule wa Kasense.

“Usiku nilikuwa najiuliza, huyu Hamidi nitamfanya nini?” anasema. “Sehemu ya kumi ndiyo ya mwisho. Homa gani hii ya mwezi mzima? Na kama Adolfu… kama habari itakuja mbaya, bibi atanikumbuka mimi kwa nini? Kwamba nilimdanganya mpaka habari ikamfikia mlangoni?”

Ndiyo sababu leo betri zimelala kivulini.

Saa kumi. Redio inatolewa kabatini na kuwekwa juu ya debe lililofunikwa kifuniko cha mbao. Luciana anaingiza betri moja moja, baridi kama zilivyo. Moja inaingia kinyume, anaitoa, anaigeuza. Bibi Zita anafika na fimbo yake, anasalimiwa, anaketi, anatafuta pindo la kitenge na kulipata.

Mchezo unaanza, sauti iko chini kuliko kawaida. Watu wanasogea. Daraja limekwisha, kuna ngoma, kuna wageni. Muziki wa kwanza: Luciana anaeleza daraja na ngoma, na hapo hana haja ya kudanganya. Muziki wa pili: anaeleza kuwa Mwanaheri amealikwa kwa niaba ya mwanawe mgonjwa. Mzee Clemens anakohoa tena.

Redioni, mgeni mmoja anamkaribisha mama wa marehemu aseme machache. Ngoma zinanyamaza. Mwanaheri anasafisha koo. “Ndugu zangu,” anasema, na sauti inasinyaa, inakuwa ya mbu, inakatika.

Watu wanaguna. Mtu mmoja anaipiga redio kofi ubavuni. Hakuna kitu.

“Nilipumua,” anakiri Luciana. “Mungu anisamehe, nilipumua kabisa.”

Hakuwahi kuvuta pumzi ya pili. Bibi Zita hajaachia kitenge. Anauliza kwa Kifipa, taratibu, mbele ya wote: “Mawe yako ya redio leo uliyaanika?”

“Niliyaanika, bibi.”

“Juani?”

Luciana anatazama upande wa ukuta wenye kivuli.

“Mwanangu,” anasema Bibi Zita, “mimi niliolewa Kasanga kabla ya kuolewa hapa. Nilikaa kule ziwani miaka sita. Samaki tulikuwa tunanunua kwa Kiswahili. Hiki cha redio sikijui chote, kinakimbia mno. Lakini siku ile nilisikia ‘amezama.’ Ziwani, hilo ndilo neno la kwanza mwanamke analojifunza.”

Mzee Clemens amevua kofia na hajui aiweke wapi.

“Kwa hiyo ulijua,” anasema Luciana.

“Nilijua. Hakuna mwanamke anayelilia unga vile.”

“Mbona hukusema, bibi?”

“Niliona unavyohangaika, nikakuonea huruma. Nikasema akichoka ataniambia.” Kisha sauti yake inabadilika, na kwa mara ya kwanza ina hasira. “Nilikuwa nakuja hapa kila Jumapili kumsikiliza yule mama. Nilitaka nijue asubuhi anaamkaje. Anakula nini, watu wakimpa pole anawajibu nini. Ninyi hapa hamniambii kitu, mnakohoa tu. Yule angeniambia. Wewe ukaniletea habari za mashine ya kusaga. Na leo amesimama aseme mwenyewe, umemkata.”

Luciana anapiga magoti, analia waziwazi, kitenge bado kimeshikwa. Bibi Zita hamwambii anyamaze. Anangoja amalize.

Ndipo anauliza: “Mchezo unarudiwa?”

Unarudiwa. Kila mchezo wa Jumapili hurudiwa Jumatano saa tisa alasiri, lakini betri za Kasense zikishatumika Jumapili hazipati nguvu tena mpaka wiki ipite, na Jumatano haziufikishi hata nusu. Jumatatu asubuhi duka la kijiji lilifunguliwa kwa kuchelewa, kwa sababu muuzaji wake alikuwa ameshakwenda mjini na kurudi.

Bi Kulsumu sasa ana mvi, lakini kaunta ni ile ile na redio iko pale pale. Haitegemei betri za kuanikwa. Imeungwa kwenye betri ya lori la wanawe, ambalo wiki hii limelala kwa kukosa tairi. Alimsikiliza Luciana kisa chote, kidole mdomoni kama zamani.

“Mlete,” alimwambia. “Mkeka upo, chai ipo. Sukari ndiyo msiniulize.” Kisha akamfuata mpaka barazani. “Mimi Jumapili nimeusikia mpaka mwisho. Nikwambie alichosema?”

Luciana alikataa. Anasema akijua mapema ataanza tena kuchagua maneno njiani, na safari hii hataki kuchagua.

Hofu haijamtoka. Inaonekana katika namna anavyohesabu chenji mara mbili, na anavyotoka mlangoni kila baiskeli inapopita barabarani, maana yoyote kati ya hizo inaweza kuwa imebeba habari ya Adolfu kutoka kwa mkuu wa mgambo. Hajui Mwanaheri atasema nini. Pengine atawalaani wajenzi wa daraja. Pengine atasema hana tena sababu ya kuamka.

Na akisema hivyo?

Anavunja donge la chumvi kwa mpini wa jembe.

“Nitasema hivyo hivyo. Kwa Kifipa, neno kwa neno. Bibi ndiye atakayejua la kufanya nalo, siyo mimi. Nilidhani nambebea mzigo, kumbe nilikuwa nimemnyang’anya.”

Leo ni Jumanne. Nyuma ya duka ungo uko juu ya bati, juani kabisa, na Luciana amepanda kwenye kigoda kugeuza betri upande wa pili. Kwa kesho hazina kazi. Lakini mwezi ujao unaanza mchezo mwingine, na ameshaanza kuutangaza kwa wateja ingawa yeye mwenyewe hajui unahusu nini. Amemwomba Mzee Clemens akae karibu naye siku hiyo, akisikia tafsiri imepinda asikohoe, aseme.

Kesho asubuhi yeye na Bibi Zita wataondoka saa nne. Kwa miguu ya Luciana mjini ni mwendo wa saa moja na nusu. Kwa miguu ya bibi ni saa tatu na zaidi, pamoja na kupumzika. Njiani ana deni la sehemu nne: mto, kilio, matanga, na ile ya tisa asiyopenda kuikumbuka. Amefanya mazoezi peke yake dukani, na mara mbili sauti imekatika.

“Nilimwambia bibi nitaanzia mwanzo kabisa, Hamidi anapoagana na mama yake, ili tuzoee kwanza,” anasema. “Amekataa. Amesema mwanzo anaukumbuka. Amesema nianzie pale pale nilipokimbia.”